Tisa ya Mzee Sita

Tajiri alimpa Bi Tena kiti chenye magurudumu, na hilo lilikuwa kosa lake la kwanza siku hiyo. Bi Tena alikitazama kile kiti, akakisukuma kwa goti, kikateleza chenyewe mpaka ukutani. Akavuta kigoda cha plastiki kilichokuwa kinazuia mlango usijifunge, akakaa. Katika miaka yake ya kufukua mambo ya watu alikuwa amekalia vitu vibaya zaidi ya hivyo, ila hakuwahi kukalia kitu kinachoweza kuondoka kabla yake.

"Haya," alisema. "Tena."

"Si nimeshakueleza kwenye simu?"

"Kwenye simu ulieleza ukiwa na hasira. Sasa nieleze ukiwa umetulia."

Hivyo ndivyo alivyopata jina. Kila aliyehojiwa naye alisimulia mara mbili, hata kama habari yenyewe ni ya kuku aliyepotea. Mwongo, alikuwa akisema, akirudia hupamba. Mkweli akirudia huchoka. Tajiri hakupamba wala hakuchoka. Alirudia vilevile, kwa mpangilio uleule, kama mtu anayesoma tangazo, na Bi Tena akajua huyu hana la kuficha isipokuwa kipara alichokirithi kwa baba yake pamoja na jarida.

Jarida lenyewe lilikuwa la kuhakiki magemu ya video. Ofisi zake zilikuwa ghorofa ya tatu juu ya duka la magodoro, na korido nzima ilinuka sponji mpya. Kazi ilikwenda hivi: gemu likikaribia kutoka, kampuni hutuma nakala mapema, mhakiki hujifungia nalo mpaka alimalize, kisha huandika uzuri wake na ubaya wake, na mwisho kabisa hulipatia maksi kati ya moja na kumi. Wasomaji huanzia kwenye maksi. Maneno yaliyo juu yake husomwa na mama wa mwandishi.

Mzee Sita ndiye aliyekuwa mhakiki mkongwe wa nyumba. Aliitwa hivyo kwa sababu karibu kila gemu lililopita mikononi mwake liliambulia sita. Saba aliitoa kama mtu anayeng'olewa jino. Nane zake wasomaji walizisimulia kama watu wanavyosimulia mafuriko. Sasa, wiki iliyopita, ilitoka tisa. Tisa nzima, chini ya jina lake, kwa gemu liitwalo Mnara wa Chumvi. Watu wakakimbia madukani. Wakacheza mpaka nusu ya safari, kwenye lango la mnara, na hapo gemu likaganda. Liliganda kwa kila mtu, na hakuna aliyepita. Wakageuka kumuuliza Mzee Sita, kwa lugha ambayo Tajiri hakutaka kuirudia hata mara moja, yeye alipitia wapi.

Mzee alisema hakupita popote. Aliganda langoni kama wao, na hakuandika ile tisa. Lakini uhakiki ulitoka kwenye akaunti yake, kwa neno lake la siri, na mashine yake ya kuchezea ilionyesha gemu limemalizwa mwisho wa juma, siku moja kabla ya uhakiki kutoka. Mkewe alisema alikuwa nyumbani siku hizo zote.

"Mke atasema nini kingine?" Tajiri aliuliza.

"Mume wangu angesema mengi," Bi Tena alisema. "Kama ningekuwa naye."

Alasiri hiyo kulikuwa na kikao. Barua ya kumfukuza Mzee kwa kosa la kuuza maksi ilikuwa imeshachapwa, na habari yake ingewekwa ukurasa wa mbele wa jarida ili wasomaji watulie. Mhakiki aliyefukuzwa kwa kuuza maksi hapati kazi hata ya kuhesabu mabao ya watoto uwanjani. Tajiri alilijua hilo na halikumfurahisha, ila alitaka nyumba yake isafike. Mzee alikuwa amegoma kuondoka mpaka aonyeshwe ushahidi.

"Nataka umwonyeshe," Tajiri alisema.

"Nitaonyesha nitakachokikuta," Bi Tena alijibu, akarudisha kigoda mlangoni kilipokuwa.

* * *

Alianza kwa Mhariri, kwa kuwa ndiye aliyeongoza nyumba na ndiye aliyekuwa na chai.

Mhariri alikuwa mdogo wake mke wa Mzee Sita. Mzee ndiye aliyemshika mkono na kumfundisha kazi, wakati ofisi nzima ilikuwa chumba kimoja na feni moja isiyogeuka. Chumba chake sasa kilikuwa kisafi mno. Mhariri alipofungua kabati kutafuta sukari, Bi Tena aliona boksi la vikombe vipya, bado vimezungushiwa karatasi zake, na mwavuli ndani ya nailoni yake ya dukani. Nyuma ya mlango kilining'inia kitambaa cha kichwa kilicholowa mvua ya asubuhi. Chai ililetwa kwenye kikombe chenye pengo.

"Vile vipya vinamsubiri nani?" Bi Tena aliuliza.

"Akiba haiozi," Mhariri alisema, akacheka kidogo.

Bi Tena akazungusha kikombe mpaka pengo likaelekea upande mwingine, akanywa. Mhariri akaeleza sheria za nyumba, na alieleza vizuri. Sheria ya kwanza: hakuna namba bila mwisho. Mhakiki asiyeona mwisho wa gemu hatoi maksi, hata likimchosha, hata likimtapisha. Ya pili: mhakiki hamsimulii mhakiki mwenzake gemu kabla ya namba kutoka, asije akamwambukiza. Likimkwama, anamwambia mhariri peke yake. Chumba cha kuchezea kilikuwa na funguo tatu: ya Mzee, ya kijana mmoja mhakiki waliyemwita Gumba, na yake mwenyewe.

Na neno la siri la Mzee? Mhariri alitabasamu. Lilikuwa jina la utani la mkewe, ambalo Mzee aliliita kwenye simu kila mchana kwa sauti ya mtu anayeuza ndizi. Lilikuwa siri kwa wageni tu.

"Na wewe unacheza?"

"Mimi na pedi ya kuchezea tuliachana siku nyingi, Bi. Nina ofisi ya kuendesha." Akapanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Inaniuma. Ni shemeji yangu, na dada yangu hapokei simu zangu. Lakini mashine imeonyesha. Mwaka huu ndio alikuwa astaafu, apumzike. Angekubali tu akaondoka kimya kimya, yangekwisha."

"Sema tena hapo mwisho."

"Yangekwisha."

Bi Tena alishukuru kwa chai.

* * *

Mzee Sita alikuwa kwenye chumba cha kuchezea, katikati ya sofa iliyobonyea kwa umbo lake, amekunja mikono kama abiria aliyeambiwa ashuke na akakataa. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Sakafuni nyaya zilipishana kama mizizi, na mbele yake kulikuwa na skrini kubwa na mashine ya gemu iliyobandikwa karatasi: YA MZEE, USIGUSE.

"Nimeshasema," alisema kabla hajaulizwa. "Kwa Tajiri, kwa shemeji, kwa mlinzi wa mlangoni. Sisemi tena."

"Usiseme. Cheza."

Mzee alimtazama.

"Sijawahi kuona gemu," Bi Tena alisema, akikaa kwenye katoni. "Siwezi kutafuta mwizi wa ng'ombe bila kujua ng'ombe anafananaje. Anzia pale ulipogandia."

Mzee akashika pedi, kile kidude cha vitufe kinachojaa viganja viwili, na palepale akawa mtu mwingine, mdogo kwa miaka ishirini. Mashine ilikuwa imehifadhi sehemu mbili za mchezo: moja langoni, moja juu kabisa ya mnara. Akafungua ya langoni. Kwenye skrini akatokea mama mchimba chumvi, gunia begani, amesimama kwenye ukingo mwembamba wa mwamba. Mzee akasukuma kidole gumba mbele. Yule mama akainua uso akatazama mbingu, akapiga hatua, akaanguka.

"Ndivyo inavyochezwa?" Bi Tena aliuliza.

Mzee akaanza upya. Yule mama akatazama mbingu, akaanguka. Mara ya tatu Mzee alisogea mbele kabisa ya sofa, amekaza macho, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Kidole kikaenda kulekule. Mama wa watu akaanguka tena.

"Nani kagusa mashine yangu?"

Alisema kwa sauti ya chini. Kelele zake za wiki nzima hazikuwa na uzito wa sauti ile. Bi Tena akamwachia nafasi, naye akaeleza mwenyewe, akisahau kwamba amegoma. Alijifunza kucheza kwenye magemu ya ndege, ambamo ukivuta usukani kwako pua ya ndege inapanda, na ukisukuma inashuka. Kwa hiyo kwake kusukuma mbele ni kutazama chini, na kuvuta ni kutazama juu. Dunia nzima hucheza kinyume chake. Ofisi nzima ilimtania kwa hilo. Kila gemu alilolifungua, kitu cha kwanza kabisa, kabla hata ya muziki kwisha, alikwenda kwenye mipangilio akaligeuza lifuate kidole chake. Hata hili aliligeuza. Mtu alilirudisha.

"Unaweza kuwa unaigiza," Bi Tena alisema.

"Naweza."

"Unaigizaga?"

"Niliwahi kuigiza shuleni. Niliwekwa kuwa mti."

Bi Tena akakitazama kile kidole gumba, kigumu, chenye sugu pembeni. Uso wa mtu unaweza kufundishwa uongo. Mkono uliozoea miaka yote kwenda upande mmoja haufundishiki kwa asubuhi moja. Mwenyewe alikuwa akipapasa swichi ya taa upande wa kushoto katika nyumba aliyohamia zamani. Aliyetembea kutoka langoni mpaka juu ya mnara alitembea kwa kidole cha watu wengine. Lakini hilo lilimtoa Mzee tu. Halikumwingiza mtu.

"Fungua ile ya juu," alisema. "Nifungulie kila kinachofunguka."

Mzee akafungua huku amefumba macho nusu, kwa sababu, alieleza, hakutaka kuona mwisho asioufikia mwenyewe. Nguo za yule mama, silaha zake, ramani yake. Kisha begi. Begi lilikuwa limejaa chupa za dawa, safu kwa safu, za kijani, za bluu, na zile za dhahabu ambazo humwinua mtu aliyekwisha kufa. Lilijaa mpaka gemu lenyewe likaandika chini kwamba hapana nafasi ya kuokota nyingine.

"Na begi lako, pale langoni?"

"Chupa moja. Mimi nakunywa nikiumia."

"Kwa hiyo huyu alipanda mnara mzima na hakunywa hata moja."

Mzee Sita alikuwa amefungua macho yote mawili. Alilitazama lile begi kwa muda mrefu. Kisha akazima skrini.

"Nani anacheza hivi?" Bi Tena aliuliza.

"Sijui."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza siku hiyo, na hakuuzoea. Bi Tena hakumwambia arudie.

* * *

Gumba alipatikana kwenye ngazi, anakula mkate mkavu, na alikuwa amevaa ushahidi. Koti jeusi, jipya, mgongoni mnara mweupe umetariziwa kwa uzi unaong'aa.

Alicheka alipoona macho ya Bi Tena yalipotua. Koti alipewa na Wakala wa kampuni ya gemu, mtu wa tabasamu na manukato aliyepita maofisini kugawa zawadi. Mzee alipewa pia, akalitumia kufutia skrini. Ndiyo, ufunguo anao. Ndiyo, neno la siri analijua, hata kunguru wa dirishani wanalijua. Na ndiyo, Mzee akiondoka safu yake itakuwa ya nani kama si ya Gumba? Yote hayo aliyasema kabla ya kumeza.

"Mbona unanirahisishia?" Bi Tena aliuliza.

"Kwa sababu ningekuwa mimi ningelipatia nane, Bi. Tisa kutoka kwa Mzee Sita? Hata shetani angeona nimezidisha."

Bi Tena akamrudisha chumbani, akamweka mbele ya mashine ya pili ili asiguse ya Mzee, akamwambia acheze gemu lolote apendalo. Kidole cha Gumba kilikwenda kama cha dunia nzima, hapo alifaa kushukiwa. Lakini hakusikiliza mazungumzo hata moja. Mtu wa kwenye skrini alipofungua mdomo, Gumba alibonyeza kumkata. Na dawa alikunywa kwa pupa, hata kwa mkwaruzo, hata bila jeraha, mpaka begi likabaki tupu.

"Huweki akiba?"

"Ya nini? Dawa ni ya kunywa, Bi. Ukifa nayo begini, nani anarithi?"

Bi Tena akamuuliza lini alijua kwamba Mnara wa Chumvi unaganda langoni. Akasema alijua siku wasomaji walipoanza kutukana. Akaulizwa tena. Akasema vilevile, kwa uchovu, akiangalia saa. Mzee hakuwa amemwambia. Sheria ya nyumba. Alidhani Mzee amelimaliza na kwa mara ya kwanza maishani amependa kitu.

Alipokuwa akitoka, kijana alimwita. Alikuwa ameacha kucheka.

"Bi, akifukuzwa yule, hiyo safu siitaki. Nitakaaje kwenye sofa yenye umbo la mtu mwingine?"

* * *

Wakala alipokea simu kwa furaha ya mtu ambaye hajui anaongea na nani, na furaha ikapungua alipojua. Alisema kampuni ilisikitishwa. Nakala za mwanzo huwa na kasoro ndogo ndogo. Kiraka cha kurekebisha lile lango kilikuwepo, na wateja wangekipata.

"Lini?"

"Kinakuja."

Kama mvua, Bi Tena alifikiri. Akauliza ilikuwaje mashine moja tu, katika mji mzima, ikapita langoni kabla ya kiraka kuja. Wakala akasema walisikia nakala ya jarida imeganda, wakasaidia.

"Simulia tena, polepole. Mimi ni mzee."

Wakala akapamba. Walipewa taarifa na ofisi ya jarida, jioni ileile ilipoganda, na kwa heshima waliyonayo kwa ofisi hiyo, mafundi wao hawakulala, na asubuhi yeye mwenyewe alileta kiraka kwenye flashi, mkononi, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyowathamini wahakiki.

"Alikupa taarifa nani?"

"Ofisi."

"Ofisi haina mdomo, mwanangu."

Simu ikakatika. Haikuwa shida, Wakala alikuwa ameshasema. Jioni ileile lango lilipoganda, mtu wa ofisini alilijua na kuwaambia. Gumba hakulijua. Mzee alilijua, lakini angekuwa ndiye aliyepokea kile kiraka, mama mchimba chumvi angepanda mnara kwa kidole chake cha kinyume, akinywa njiani. Na Mzee, kwa sheria ya nyumba, alikuwa amemwambia mtu mmoja tu.

Bi Tena alirudi kwa Mhariri. Kikao kilikuwa kinakaribia. Tajiri na Mzee walikuwa wameshaingia chumba cha pili, na ukutani zilisikika sauti za viti vikivutwa.

"Naomba chai," alisema. "Safari hii nipe kwenye kikombe kipya."

Mhariri alifungua kabati. Akaweka mkono juu ya boksi, na mkono ukabaki pale. Ulikuwa mzaha mdogo, kikombe tu, lakini hakukitoa. Bi Tena akasubiri mpaka akageuka.

"Unaona ilivyo ngumu?" Bi Tena alisema kwa upole. "Mwavuli umo kabatini na wewe umelowa. Kule kwenye mnara umepigwa, umechomwa, umeanguka, begi limejaa dawa mpaka halipokei nyingine, na hukufungua hata chupa. Shemeji yako aliliona lile begi akazima skrini. Alikutambua kabla yangu."

"Alisema?"

"Alisema hajui. Hajui kudanganya, maskini, alikaribia kuumwa."

Mhariri akakaa. Hakulia na hakubisha. Alieleza kwa sauti ileile ya kueleza sheria. Mzee alipomwambia gemu limeganda na hatatoa namba, yeye alimpigia Wakala kumtaarifu tu, kama kawaida. Wakala akamjibu kwamba nyumba isiyo na maksi za kutoa haina haja ya nakala za mapema, si za hili wala za magemu yote yajayo. Bila nakala za mapema, jarida lingehakiki vitu ambavyo watu wameshavisoma kwingine na kuvisahau. Lingekufa, na kila aliyekuwa kwenye korido ile angeshuka ngazi na katoni mikononi. Gumba, mpiga picha, mlinzi, wote. Wakala akaahidi kwamba wateja wangekipata kiraka siku gemu linapotoka. Jina pekee ambalo wasomaji wangeliamini lilikuwa la shemeji yake, na yeye alikuwa anapumzika mwaka huu.

"Ulidhani atanyamaza."

"Nilidhani hakutakuwa na kelele. Nilidhani kiraka kitakuja." Akafuta meza kwa kiganja. "Kelele zilipokuja, nilikuwa nimeshachelewa."

"Kuna kitu kimoja sijakielewa," Bi Tena alisema. "Ungekaa hapa hapa, ukaandika tisa, ukaituma. Hiyo mashine usingeigusa. Nisingekuwa na kidole, nisingekuwa na begi, nisingekuwa na pa kuanzia. Ulikwenda kufanya nini kule mwisho wa juma wote?"

Mhariri alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini alivua viatu mlangoni.

"Hakuna namba bila mwisho," alisema.

"Hata namba ya wizi?"

"Niliitunga mimi na yeye hiyo sheria. Nisingeweza kuandika namba ya gemu ambalo sijaliona mwisho wake. Mkono ungekataa."

Ukutani kiti kikavutwa tena. Bi Tena akainama mbele.

"Na kwa haki yake? Wewe mwenyewe, uliyelimaliza, ungelipatia maksi ngapi?"

"Saba." Ilimtoka haraka, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa uso wa mhakiki. "Lile lenye kiraka, saba. Mnara wenyewe ni mzuri, mazungumzo ni marefu lakini nimeyasikiliza yote, hayaudhi. Lile walilouziwa watu halina namba. Halina mwisho."

"Na tisa?"

"Tisa ilikuwa ya nyumba."

Bi Tena akanyanyuka, akafungua mlango wa katikati. Kule ndani Tajiri alikuwa na barua mbele yake, imegeuzwa iwe tayari kwa kalamu. Mzee Sita alikuwa amekunja mikono yake ya abiria. Wote wawili wakainua vichwa.

"Sasa," Bi Tena alimwambia Mhariri, "sema tena."

Alisema. Hakupamba. Katikati alichoka, akashika mgongo wa kiti, akaendelea mpaka mwisho, akamtaja na Wakala kwa kazi yake na kwa maneno yake. Hatimaye Tajiri akaichukua ile barua, akaikunja, akaikunja tena, akaitia mfukoni, akasema kwamba nyumba haiwezi kuongozwa na mtu aliyemvika mwenzake namba yake. Mhariri akasema anajua. Akatoa ufunguo wa chumba cha kuchezea akauweka mezani.

Tajiri akamuuliza Mzee waweke namba gani badala ya ile tisa, wasomaji wanasubiri. Ndani ya lile boksi la maksi chini ya ukurasa kuwekwe nini?

"Kitu gani? Gemu halina mwisho," Mzee alisema. "Boksi liache wazi. Na hapo chini andika kwa nini, na ni kampuni gani inayojua kwa nini."

"Hawatatuletea tena nakala za mapema."

"Tutanunua dukani kama watu."

Tajiri alimtazama Bi Tena kana kwamba yeye ndiye angemwokoa. Bi Tena alikuwa anatazama kile kiti chenye magurudumu kilichopelekwa kule ndani, akijiuliza nani mwingine watamkalisha. Tajiri akashusha pumzi, akachukua kalamu.

Mhariri alikuwa ameshafika mlangoni. Mzee hakugeuka.

"Dada yako atauliza," alisema. "Utamwambia mwenyewe. Mimi simwambii mtu kitu."

"Nitamwambia, shemeji."

"Leo."

"Leo."

Alishika kitasa. Korido ilileta harufu ya magodoro mapya. Mzee Sita akakuna kile kidole gumba chenye sugu, akakohoa, na ilipotoka sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia.

"Shemeji. Yule mama. Anafika juu?"

Mhariri akasimama.

"Anafika."

"Basi," Mzee alisema. "Usiniambie zaidi."